Mwanza hadi Bukoba ni kilometa ngapi? Jinsi ya kupima umbali wa ndege na wa barabara, uwanja kwa uwanja

Swali hili halikomi. Mtu anauliza kutoka Mwanza hadi Bukoba ni kilometa ngapi. Wa kwanza anajibu 175, wa pili anasema 420, wa tatu anaapa kwamba gari lake lilisoma 440. Mabishano yanaanza, na aliyeuliza anaondoka bila jibu. Hakuna anayedanganya hapo. Wa kwanza amepima mstari unaokata juu ya Ziwa Victoria. Wa pili amelizunguka ziwa kwa lami kutoka mji hadi mji. Wa tatu alianzia kiwanja cha ndege, akapita Chato, akaingia mjini kutafuta mafuta.

Mwongozo huu utakuonyesha namna ya kupata namba zote mbili mwenyewe, ya anga na ya barabara, kutoka lango la uwanja mmoja hadi lango la mwingine. Tunatumia Mwanza na Bukoba kwa sababu ndipo watu wanapochanganyikiwa zaidi, lakini hatua ni zilezile kwa viwanja vyovyote viwili.

Kabla hujaanza, amua unataka namba ya kazi gani

Hili watu wengi huliruka. Kama unapiga hesabu ya mafuta, nauli ya basi au posho ya safari kwa gari, unahitaji kilometa za barabara. Nauli elekezi za mabasi zinazotolewa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, hupangwa kwa kilometa, kwa hiyo ukikosea umbali umekosea na nauli. Kama unataka kujua ndege itakaa angani muda gani, au unajaza fomu inayouliza umbali wa moja kwa moja, unahitaji umbali wa anga. Nauli ya ndege haifuati kilometa, kwa hiyo usijaribu kuikisia kwa umbali.

Vitu vya kuwa navyo

- Simu yenye ramani na kikokotoo cha kisayansi (chenye vitufe vya cos na kipeo cha pili cha mraba). Simu nyingi zinacho; igeuze ilale kwa ubavu na vitufe hivyo vitajitokeza.
- Karatasi na kalamu. Usitegemee kichwa, kwa sababu kosa la tarakimu moja halionekani mpaka mwisho.
- Kodi za viwanja vyote viwili, yaani herufi za utambulisho, si ushuru. Kila uwanja una kodi ya herufi tatu inayoonekana kwenye tiketi, na kodi ya herufi nne inayotumiwa na marubani na waongoza ndege. Mwanza ni MWZ na HTMW. Bukoba ni BKB na HTBU.
- Latitudo na longitudo za kila uwanja.
- Kama utapima barabara kwa gari: kisoma-kilometa kidogo cha safari kwenye dashibodi, kile kinachorudishwa sifuri.

Hatua ya 1: Hakikisha ni uwanja gani hasa

Andika kodi, usiandike jina la mji. Jina la mji linaweza kukupeleka katikati ya soko, kwenye stendi, au kwenye uwanja mwingine kabisa.

Mifano inayowaangusha watu ni hii. Anayesema "uwanja wa Arusha" anaweza kumaanisha ARK, ule mdogo wa Kisongo, au JRO, yaani KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro. Viwanja hivyo viwili vimeachana karibu kilometa 50 kwa mstari wa anga. Mbeya nayo ilikuwa na uwanja wake wa zamani mjini, kisha Songwe ukafunguliwa Desemba 2012, nje ya mji upande wa magharibi. Bado kuna kurasa zinazoweka alama ya Mbeya pale pa zamani, na ukizitumia utakuwa umekosea kilometa 20 na ushee kabla hata hujaanza.

Kwa Mwanza na Bukoba hakuna utata wa aina hiyo, ila jua jambo moja: uwanja wa Mwanza uko Ilemela, kaskazini mwa mji, kama kilometa 10 kutoka katikati. Uwanja wa Bukoba uko mjini penyewe, ukingoni mwa ziwa. Tofauti hiyo itakuja kukudai kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 2: Chukua latitudo na longitudo, uzigeuze kuwa desimali

Mara nyingi utazikuta zimeandikwa kwa nyuzi, dakika na sekunde:

- Mwanza: 2°26′40″ Kusini, 32°55′57″ Mashariki
- Bukoba: 1°19′55″ Kusini, 31°49′16″ Mashariki

Kanuni ya kugeuza: nyuzi, ongeza dakika ugawe kwa 60, ongeza sekunde ugawe kwa 3,600.

Mwanza, latitudo: 2 + (26 ÷ 60) + (40 ÷ 3,600) = 2.4444
Mwanza, longitudo: 32 + (55 ÷ 60) + (57 ÷ 3,600) = 32.9325
Bukoba, latitudo: 1 + (19 ÷ 60) + (55 ÷ 3,600) = 1.3319
Bukoba, longitudo: 31 + (49 ÷ 60) + (16 ÷ 3,600) = 31.8211

Weka alama ya kutoa mbele ya kila latitudo iliyo kusini mwa ikweta: −2.4444 na −1.3319. Longitudo za Afrika Mashariki zote ni za mashariki, kwa hiyo hazina alama ya kutoa.

Angalia kosa hili. Wengi huandika 2°26′40″ kama 2.2640, wakidhani nukta inachukua nafasi ya alama ya nyuzi. Ukifanya hivyo kwa namba zote nne utapata kama kilometa 168 badala ya 175. Ubaya wake ni kwamba 168 haionekani kuwa na kasoro, hakuna kitakachokushtua. Ukiona dakika haikugawanywa kwa 60, au sekunde kwa 3,600, rudi nyuma.

Kosa la pili ni la ikweta. Kwa Mwanza na Bukoba ukisahau alama ya kutoa hutaathirika, kwa kuwa vyote viwili viko kusini. Nenda Kenya uone. Uwanja wa Kisumu uko kusini kidogo mwa ikweta (−0.0861, 34.7289), na wa Eldoret uko kaskazini (0.4045, 35.2389). Umbali wa kweli wa anga ni kama kilometa 79. Sahau ile alama ya Kisumu na utapata 67. Kilometa 12 zimepotea kwa mstari mmoja wa kalamu. Anayepima viwanja vya Kenya au Uganda aliangalie hili kila mara.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya umbali wa anga

Kwa viwanja vya eneo letu, visivyoachana zaidi ya kilometa elfu moja, njia fupi inatosha.

a) Tofauti ya latitudo: 2.4444 − 1.3319 = 1.1125. Zidisha kwa 111.2, kwa sababu nyuzi moja juu ya uso wa dunia ni kama kilometa 111.2. Unapata 123.7.

b) Tofauti ya longitudo: 32.9325 − 31.8211 = 1.1114. Kabla ya kuzidisha kwa 111.2, zidisha kwanza kwa cos ya latitudo ya katikati. Latitudo ya katikati ni (2.4444 + 1.3319) ÷ 2 = 1.888, na cos yake ni 0.9995. Kwa hiyo 1.1114 × 0.9995 × 111.2 = 123.5.

c) Chukua kila jibu, lizidishe kwa lenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeo cha pili: √(123.7² + 123.5²) = 174.8.

Umbali wa anga ni kilometa 175. Tazama pia kwamba namba mbili za juu zinakaribia kulingana. Maana yake Bukoba iko kaskazini-magharibi hasa kutoka Mwanza, na sehemu kubwa ya mstari huo ni maji matupu.

Ile cos ni ya kazi gani? Mistari ya longitudo hukaribiana kadiri unavyoondoka ikweta. Kwetu Kanda ya Ziwa athari yake ni ndogo mno, na mtu anaweza kuiacha asionje tofauti. Lakini usiizoee tabia hiyo. Ndugu zetu walio Oman wakipima Muscat hadi Salalah bila cos watapata kilometa 865, wakati jibu sahihi ni 850.

Angalia kikokotoo chako kiko kwenye nyuzi, si radiani. Jaribu cos ya 60. Ikitoka 0.5, uko salama. Kikiwa kwenye radiani, cos ya 1.888 itatoka namba hasi, karibu −0.31, na ukiendelea nayo utaishia kilometa 130. Tafuta kitufe chenye maandishi DEG au RAD, kiweke DEG.

Hatua ya 4: Hakiki jibu kwa njia ya pili

Usiamini hesabu ya mara moja. Chagua mojawapo:

*Kwa ramani ya simu.* Bonyeza na kushikilia juu ya uwanja wa Mwanza mpaka pini itokee, chagua "Pima umbali", kisha sogeza ramani hadi Bukoba. Weka alama ya msalaba katikati ya barabara ya kurukia, si juu ya jengo la abiria. Latitudo na longitudo rasmi za uwanja kwa kawaida ni za maeneo hayo ya katikati ya njia ya kurukia, ndiyo sababu zinaweza kutofautiana kidogo na pini ya jengo. Tofauti ya kilometa moja ni ya kawaida. Tofauti ya kilometa tano si ya kawaida. Rudia hatua ya 2.

*Kwa jedwali la kompyuta, kama Excel.* Weka latitudo ya Mwanza kwenye B2 na longitudo yake C2, za Bukoba B3 na C3, kisha bandika hii:

=6371*ACOS(SIN(RADIANS(B2))*SIN(RADIANS(B3))+COS(RADIANS(B2))*COS(RADIANS(B3))*COS(RADIANS(C3-C2)))

Hiyo 6371 ni nusu kipenyo cha dunia kwa kilometa. Hapa usisahau alama za kutoa. Njia hii inafaa pia kwa viwanja vya mbali sana, ambako njia fupi ya hatua ya 3 huanza kukosea.

Mtu akikuuliza kwa maili za baharini, ambazo ndizo zinazotumika kwenye usafiri wa anga, gawa kilometa kwa 1.852. Hapa unapata 94. Kwa maili za kawaida gawa kwa 1.609, unapata 109. Mtu anapotaja "maili" bila kueleza zipi, muulize. Tofauti ni zaidi ya asilimia 15.

Hatua ya 5: Pima barabara

Hapa ndipo kazi ilipo. Umbali wa anga kati ya viwanja viwili ni mmoja tu. Wa barabara uko wa aina nyingi kadiri njia zilivyo, na kazi yako ni kusema umepima ipi.

Anza kwa kuandika njia yako kwa majina ya mahali, kwa mfuatano:

Uwanja wa Mwanza → Pasiansi → katikati ya mji → Nyegezi → Usagara → Daraja la Kigongo–Busisi → Sengerema → Geita → Katoro → (Chato *au* Biharamulo) → Muleba → Bukoba mjini → uwanja wa Bukoba.

Umeona mzunguko? Unaelekea Bukoba iliyo kaskazini-magharibi, lakini unaanza kwa kushuka kusini, unakata magharibi chini ya ziwa, halafu ndipo unapanda kaskazini. Na kwa sababu uwanja wa Mwanza uko kaskazini mwa mji, kilometa 10 za kwanza unazitumia kurudi mjini tu. Kutoka hapo hadi Nyegezi, upande wa kusini, ni takriban 10 nyingine. Anayepima kuanzia stendi ya Nyegezi amekwepa kilometa 20 ambazo wewe uliyeshuka ndege utazilipia kwa teksi au daladala.

Sasa fanya hivi:

1. Kwenye programu ya ramani, weka kituo cha kuanzia kuwa jengo la abiria la uwanja wa Mwanza, na mwisho kuwa jengo la abiria la Bukoba. Chagua gari.

2. Usikubali njia ya kwanza inayokuja. Ongeza vituo vya kati kwa mkono: Usagara, Sengerema, Geita, kisha Chato au Biharamulo. Bila vituo hivyo programu inaweza kukuvusha kwa pantoni ya Kamanga, ambayo hutokea mjini Mwanza na kushukia upande wa Sengerema. Ni njia halali na watu wa Sengerema wanaitumia sana, lakini kilometa zake ni tofauti, na ukichanganya na za darajani umeharibu hesabu. Kama huitaki, washa chaguo la kuepuka feri.

3. Andika kilometa za kila kipande peke yake, usichukue jumla tu. Vipande viwili vinaweza kukusaidia kukagua programu yako: Usagara hadi Sengerema ni takriban kilometa 40, na Sengerema hadi Geita takriban 50. Programu ikikupa 70 kwa kipande cha kwanza, basi inakuzungusha mahali.

4. Baada ya Katoro njia inagawanyika. Moja inapita Chato na kutokea Kyamyorwa, nyingine inapita Biharamulo. Zote zinakutana kwenye barabara inayopanda Muleba. Pima zote mbili, kila moja kwenye mstari wake. Usichukue wastani wa njia mbili. Hakuna gari linalopita wastani.

5. Jumlisha. Kutoka uwanja hadi uwanja, jumla yako inapaswa kuangukia kati ya kilometa 400 na 450 kulingana na njia uliyochagua. Ikitoka 300 au 550, kuna kipande umekiruka au umekirudia.

Kuhusu daraja, linahitaji maneno machache zaidi. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 na jina rasmi la J. P. Magufuli, lilizinduliwa Juni 2025. Kabla ya hapo magari yalivuka Ghuba ya Mwanza kwa pantoni. Vipimo vingi unavyovikuta vimeandikwa zamani ni vya enzi za pantoni, na vina kasoro mbili. Kwanza, muda wa safari umebeba saa za kusubiri foleni ambazo sasa hazipo. Pili, aliyepima kwa gari hakuhesabu kilometa za majini, kwa sababu gari lilikuwa limesimama juu ya chombo na magurudumu hayakuzunguka. Ukikuta namba ya gari iliyopungua kilometa tatu hivi ukilinganisha na yako, huenda sababu ni hiyo.

Ukipima kwa gari lenyewe: rudisha kisoma-kilometa sifuri langoni, si kwenye maegesho baada ya kuzunguka kutafuta nafasi. Andika namba katika kila kituo ulichokiorodhesha. Ukichepuka kwenda kula au kujaza mafuta, andika namba unapotoka barabarani na unaporudi, ili uitoe baadaye. Jua pia kwamba matairi yasiyo ya saizi ya kiwandani, au yaliyolika sana, hubadilisha usomaji. Kosa la asilimia 2 kwenye kilometa 425 ni kilometa 8 na nusu.

Hatua ya 6: Linganisha namba mbili

Gawa barabara kwa anga. Tuseme barabara imetoka 425: 425 ÷ 175 = 2.4. Kila kilometa moja ya ndege inakugharimu karibu mbili na nusu za lami.

Uwiano huu ndio mkaguzi wako bora kuliko yote. Kwenye nchi kavu isiyo na vizuizi vikubwa, viwanja viwili hutoa uwiano wa 1.2 hadi 1.5. Mwanza hadi Dodoma, kwa mfano, ni kama kilometa 519 angani na karibu 700 kwa barabara kupitia Shinyanga na Singida: uwiano wa 1.35. Ukipata zaidi ya 2, lazima uweze kuonyesha kwa kidole ni nini kinazuia: ziwa, mlima, hifadhi, au mpaka. Mwanza na Bukoba tunajua ni ziwa. Kama huoni kizuizi chochote kwenye ramani, basi kosa ni lako. Na ukipata chini ya 1, usipoteze muda kutafuta sababu ya kijiografia. Barabara haiwezi kuwa fupi kuliko mstari ulionyooka.

Hatua ya 7: Geuza kilometa kuwa saa

Kwa ndege, gawa umbali kwa kasi ya safari, kisha ongeza dakika 10 hadi 15 za kuruka, kupanda, kushuka na kutua. ATR 72 huenda kama kilometa 500 kwa saa: 175 ÷ 500 ni dakika 21, ukiongeza 15 unapata 36. Ndege ndogo ya aina ya Cessna Caravan huenda takriban 300 kwa saa: dakika 35, ongeza 10, jumla 45. Safari fupi kama hii nyongeza hiyo ni sehemu kubwa ya muda wote, kwa hiyo usiiache.

Kwa barabara, usigawe kwa 80. Hiyo 80 ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa kwa mabasi, si wastani. Kwenye makazi ni 50, na njia hii ina makazi mengi: Sengerema, Geita, Katoro, Muleba. Tumia wastani wa 55 hadi 60. Kilometa 425 zinakuwa saa 7 hadi 8, kabla ya mapumziko.

Kisha ongeza miisho: kufika kiwanjani saa moja hadi mbili kabla, na safari ya mjini hadi uwanjani. Abiria anayetoka Nyegezi kwenda kupanda ndege anakata mji mzima wa Mwanza. Asubuhi siku za kazi awe na muda wa ziada. Akishuka Bukoba, yuko mjini tayari.

Tiketi za ndege huandika saa kwa mtindo wa 24. 06:00 ni saa 12 asubuhi, si saa 6. Watu wamekosa ndege kwa hili.

Kama mambo hayaendi

*Programu inasema "njia haijapatikana".* Kuna maji bila barabara. Dar es Salaam hadi Zanzibar ni kama kilometa 73 angani, na kwa barabara hakuna jibu, kwa kuwa hakuna barabara. Andika hivyo hivyo, usibuni namba.

*Programu bado inanipeleka kwa pantoni Kigongo.* Ramani iliyohifadhiwa kwenye simu ni ya zamani. Futa ramani ulizopakua, pakua upya ukiwa na bando la kutosha, kisha weka pini katikati ya daraja kama kituo cha kati.

*Jedwali linaleta #VALUE!.* Kompyuta yako imewekwa kutumia mkato badala ya nukta ya desimali, ikaona −2.4444 ni maandishi. Badilisha nukta iwe mkato kwenye namba za viwanja, au badilisha mpangilio wa lugha. Sababu nyingine ni herufi ya nafasi iliyobandikwa pamoja na namba, ifute.

*Jibu limetoka maelfu ya kilometa.* Umebadilisha nafasi ya latitudo na longitudo ya uwanja mmoja. Kwa Afrika Mashariki kagua kwa jicho: latitudo ni ndogo, chini ya 12, longitudo iko kati ya 28 na 42.

*Tovuti ya tiketi inaonyesha umbali wa kilometa karibu 1,900.* Siku hiyo hakuna ndege ya moja kwa moja, na safari inapitia Dar es Salaam. Mwanza hadi Dar ni kama 852 angani, Dar hadi Bukoba kama 1,025, jumla 1,877. Hiyo ni safari ya tiketi, si umbali kati ya viwanja. Angalia ratiba ya siku nyingine kabla ya kulipa, na kama hakuna, pima upya kama saa nane za basi si nafuu kuliko kwenda pwani na kurudi.

*Ndege ilikaa angani muda mrefu kuliko hesabu yangu.* Mstari wa hesabu hauzunguki, ndege huzunguka. Inaweza kuruka ikielekea upande wa pili kwa sababu ya upepo, au kusubiri hali ya hewa itulie kabla ya kutua. Bukoba ina mvua nyingi na mawingu hushuka chini, hasa asubuhi. Rubani asipoona njia atasubiri au atarudi Mwanza, na hiyo ndiyo sahihi. Usipange kuunganisha safari nyingine ndani ya dakika 30 za kutua.

*Namba yangu ya barabara inatofautiana na kibao cha barabarani.* Vibao hupima hadi mjini, havipimi hadi uwanjani. Kwa Mwanza ongeza zile kilometa 10 za kutoka mji hadi Ilemela. Kwa Bukoba ongeza umbali wa mtaa tu, ambao bodaboda anaumaliza kwa dakika chache.